Kuunganisha Simu na Wi-Fi ya Nyumbani, na Kujua Tatizo Liko Wapi Inapokataa

Kabla hujaishika simu, tenganisha vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya: Wi-Fi na intaneti. Wi-Fi ni mawimbi ya redio kati ya simu yako na ruta iliyomo nyumbani. Intaneti ni kile kinachoingia kwenye ruta kutoka nje, kwa waya wa faiba, kwa antena iliyo juu ya paa au kwa laini ya 4G au 5G. Simu inaweza kushika Wi-Fi mistari yote na isifungue hata ujumbe mmoja, kwa kuwa malipo ya mwezi yamekwisha au faiba imekatwa barabarani. Vilevile intaneti inaweza kuwa safi kabisa sebuleni ilhali chumba cha nyuma hakina kitu, kwa sababu ya ukuta. Ukijua tatizo liko upande upi, hutampigia fundi simu bure wala hutanunua ruta mpya isiyohitajika.

Anza na kibandiko

Igeuze ruta. Chini yake au mgongoni kuna kibandiko chenye maandishi madogo. Unayoyataka ni mawili: jina la mtandao, ambalo huandikwa SSID, na nenosiri lake, ambalo huandikwa Key, WPA Key au Password. Hapo hapo huwa kuna jina na nenosiri jingine, aghalabu likiambatana na neno admin na nambari kama 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Hilo ni la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe, na ukiliandika kwenye simu ili kujiunga litakataliwa kila mara. Kama fundi aliyeifunga alibadilisha jina na nenosiri, kibandiko hakikufai tena. Muulize kabla hajaondoka na uyaandike.

Kipige picha kibandiko siku ya kwanza. Unyevu na jasho la mikono huyafifisha maandishi yale mapema kuliko unavyodhani, na ruta iliyofutika kibandiko humlazimu mtu aifute mipangilio yote ili aanze upya.

Hatua za Android

1. Kwa mara ya kwanza simama mita mbili au tatu kutoka kwenye ruta. Ikikataa hapo, huna haja ya kufikiria umbali wala ukuta.

2. Zima data ya laini. Usipoizima, WhatsApp itaingia kwa bando lako nawe utadhani Wi-Fi imekubali.

3. Fungua Mipangilio, au Settings kama simu iko kwa Kiingereza, kisha uingie sehemu ya mtandao na intaneti. Njia ya mkato: vuta chini kutoka juu ya kioo, kisha bonyeza alama ya Wi-Fi na uishikilie kidogo, ukurasa wake utafunguka wenyewe.

4. Washa swichi ya Wi-Fi na usubiri kama sekunde kumi orodha ijae.

5. Gusa jina la mtandao wako, lililo sawa na la kibandiko herufi kwa herufi. Kwenye majumba ya ghorofa, kama yale ya Tudor au Mikindani hapa Mombasa, waweza kuona majina kumi yanayotofautiana kwa tarakimu mbili za mwisho tu.

6. Andika nenosiri. Gusa alama ya jicho ili uone unachoandika. Herufi kubwa na ndogo si sawa. Makosa makuu ni matatu: kuchanganya sifuri na herufi O; kuchanganya tarakimu 1, L ndogo na I kubwa; na nafasi tupu ambayo kibodi huiongeza yenyewe mwishoni ukichagua neno lililopendekezwa. Nafasi hiyo haionekani kwa macho, kwa hiyo rudisha kishale hadi mwisho wa nenosiri ulione linapoishia.

7. Gusa Unganisha. Simu itathibitisha nenosiri, itaomba anwani ya IP (namba ya kuitambulisha kwenye mtandao) kutoka kwenye ruta, kisha itaandika kwamba imeunganishwa. Yote hayo huchukua sekunde tano hadi kumi na tano.

8. Fungua ukurasa ambao hujawahi kuufungua. Usijaribie ukurasa wa jana, kwani simu huweza kukuonyesha nakala iliyohifadhiwa.

Kwa iPhone ni karibu yale yale: Settings, Wi-Fi, gusa jina, andika nenosiri, gusa Join. Alama ya vema ikitokea kando ya jina, umeingia.

Ikiwa mwenzako wa nyumbani ameshaunganishwa na simu yake ni Android 10 au mpya zaidi, aingie kwenye ukurasa wa mtandao huo na aguse Shiriki. Simu itamtaka athibitishe kwa kidole au namba ya siri, kisha itatoa msimbo wa QR ambao wewe unausoma kwa kamera yako, hata kama una iPhone. Njia hii huepusha makosa yote ya kuandika. Lakini msimbo ule umebeba nenosiri lenyewe ndani yake, basi usiupige picha na kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la jengo.

Majina mawili ya ruta moja

Ruta nyingi za sasa hutoa mitandao miwili, mmoja wa 2.4 GHz na mwingine wa 5 GHz, na huo wa pili mara nyingi jina lake huishia na 5G. Hiyo 5G haihusiani na 5G ya laini ya simu. Ni mkanda wa mawimbi tu. Mkanda wa 5 GHz una kasi kubwa na msongamano mdogo, ila hupita ukutani kwa shida. Wa 2.4 GHz una kasi ya chini lakini hufika mbali zaidi. Simu nyingi za bei nafuu zina 2.4 GHz pekee, kwa hiyo mtandao wa 5 GHz hauonekani kabisa kwenye orodha yao. Simu hiyo haijaharibika. Ukiwa chumba kimoja na ruta tumia 5 GHz. Ukivuka kuta mbili rudi 2.4.

Simu inapokataa kuingia

Soma maneno ambayo simu inaandika chini ya jina la mtandao, kwani kila ujumbe una sababu zake.

Ikiandika tatizo la uthibitishaji au nenosiri si sahihi, gusa mtandao huo, chagua Sahau, kisha uanze upya. Hili hutokea sana baada ya mtu wa nyumbani kubadilisha nenosiri: simu huendelea kupeleka lile la zamani bila kukuuliza. Kama una hakika nenosiri ni sahihi na simu ni ya zamani, angalia aina ya ulinzi kwenye ruta. Ruta iliyowekwa WPA3 peke yake, ulinzi mpya zaidi, kwa kawaida haitaipokea simu iliyo chini ya Android 10. Chagua WPA2 na WPA3 kwa pamoja, au WPA2 yenye AES. Usirudi WEP kwa ajili ya simu yoyote ile. Ulinzi wake ulivunjwa zamani na huvunjwa kwa dakika chache.

Ikikwama kwenye kupata anwani ya IP, nenosiri limekubaliwa ila ruta haijatoa anwani. Huenda vifaa vilivyounganishwa vimejaa. Viruta vidogo vya mfukoni vya 4G vingi huishia vifaa kumi hivi, na nyumba yenye televisheni, kamera na simu za wageni hufika hapo upesi. Zima Wi-Fi kwenye vifaa visivyotumika, kisha uizime ruta na kuiwasha. Kwenye iPhone dalili ya tatizo hili ni anwani inayoanza na 169.254.

Ikiwa mtandao wenyewe hauonekani wakati wengine wanauona, washa na uzime hali ya ndege kwanza. Ukikosa bado, huenda ni ule wa 5 GHz tuliousema, au mwenye ruta amelificha jina. Lililofichwa huongezwa kwa mkono mwishoni mwa orodha, kwa kuandika jina, aina ya ulinzi na nenosiri.

Kuna ruta zilizowekwa orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa kwa nambari zao za MAC, yaani namba ya utambulisho ya kila kifaa. Simu za kuanzia Android 10 na iOS 14 hutumia MAC ya kubuni kwa kila mtandao ili kulinda faragha, kwa hiyo ruta ya namna hiyo huiona simu kama mgeni. Kwenye mipangilio ya mtandao huo peke yake, chagua MAC halisi ya kifaa.

Imeunganishwa, lakini hakuna intaneti

Swali la kwanza si la simu yako. Omba simu nyingine ya humo ndani. Ikiwa nyingine inafungua kurasa, tatizo ni lako. Ikiwa zote zimekwama, iache simu na uende kwenye ruta.

Kwenye simu yako tazama tarehe na saa kwanza. Simu iliyozima betri kabisa na kuamka ikiwa na mwaka wa nyuma itakataa karibu kila tovuti, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti huonekana kwake kama havijaanza kutumika. Kisha zima VPN kama ipo, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine. Kwenye Android tazama pia DNS ya faragha (DNS ndiyo huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake). Mtu akiwahi kuandika hapo anwani ya kuzuia matangazo na seva yake ikafa, simu haitafungua jina lolote la tovuti. Irudishe kwenye hali ya kujiendesha yenyewe.

Kwenye ruta, taa ndizo zinazosema. Kifaa cha faiba huwa na taa ya PON na ya LOS. PON ikiwaka bila kupepesa na LOS ikiwa imezimika, mwanga unafika. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga wa faiba haufiki nyumbani: waya umekatika, umechomoka au umekunjwa mno. Faiba si waya wa stima. Ni uzi wa kioo, na ukikunjwa kwa duara dogo kuliko kikombe cha kahawa mwanga huvuja. Inyooshe taratibu kama imebanwa na kabati au mlango. Usiichomoe ukaitazama nchani, kwa sababu mwanga wake hauonekani lakini unaweza kudhuru jicho. Ikiwa imekatika, kuifunga kwa utepe hakusaidii, huunganishwa kwa mashine ya fundi.

Taa zikiwa sawa na bado hakuna kitu, angalia malipo. Aliyelipa kwa M-Pesa asome tena nambari ya akaunti aliyoiandika, maana tarakimu moja ikikosewa fedha huenda kwa mteja mwingine. Baada ya malipo kuingia, chomoa ruta, hesabu sekunde thelathini, irudishe na usubiri dakika tatu.

Hapa kuna onyo moja zito. Kuzima na kuwasha si sawa na kubonyeza kile kitundu kilichoandikwa Reset. Ukikishikilia kwa sindano sekunde kumi hivi, ruta hufuta kila kitu, pamoja na mipangilio ambayo mtoa huduma aliiweka ili imtambue mteja. Nyumba yaweza kukaa bila intaneti hadi fundi aje. Kitundu hicho kiache, isipokuwa mtoa huduma mwenyewe amekwambia ukibonyeze akiwa nawe kwenye simu.

Mara chache tatizo liko mbali kuliko nyumba na mtaa. Nyaya za chini ya bahari zinazoileta intaneti Kenya, zikiwamo SEACOM na TEAMS zilizoanza kazi mwaka 2009, hutia nanga hapa Mombasa, na waya ukikatika baharini nchi nzima huhisi. Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika na Afrika Mashariki yote ikawa na intaneti ya kukokota kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo taa zote za ruta huwa kijani, na hakuna unachoweza kurekebisha nyumbani.

Kuta

Hili ndilo jambo ambalo miongozo iliyoandikiwa nyumba za kwingine haiwezi kukusaidia. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake hufika nusu mita. Tena vyumba vyake ni vyembamba, kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, chini kidogo ya mita tatu. Maana yake, kila baada ya mita tatu mawimbi hukutana na ukuta mwingine mnene. Ruta iliyowekwa chumba cha mbele, kule waya ulikoingilia, haitafika chumba cha tatu, na hakuna mpangilio wa simu utakaolibadilisha hilo.

Nyumba ya Kiswahili ya Majengo au Kisauni, yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, ina nafuu kubwa kama ruta itawekwa kwenye ukumbi wenyewe, juu ya urefu wa mtu, katikati ya nyumba. Milango ikiwa ya mbao, mawimbi huingia vyumbani kwa mlangoni. Fundi wengi huiacha ruta karibu na dirisha la mbele kwa kuwa ndiko kwenye urahisi wa kazi. Mwambie avute mita chache zaidi za waya, na afanye hivyo siku ile ile ya kufunga. Kwenye ghorofa, zege lenye vyuma kati ya sakafu na sakafu ni kizuizi kibaya kuliko matofali, basi ruta moja isitegemewe kuhudumia orofa mbili.

Ruta isiwekwe nyuma ya televisheni, ndani ya kabati la chuma, karibu na tangi la maji, wala juu ya friji. Chuma, mabati na vioo vikubwa hurudisha mawimbi, maji huyanywa. Oveni ya maikrowevu hutumia masafa yale yale ya 2.4 GHz, kwa hiyo ikiwaka jikoni simu za karibu huenda zikasuasua.

Pima badala ya kukisia. Programu za bure za kupima Wi-Fi kwenye Android huonyesha nguvu kwa dBm, nambari hasi ambayo ikikaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Kati ya -30 na -60 ni nzuri, hadi -67 simu ya video haikatiki, -80 utaandika ujumbe kwa taabu. Zunguka nyumba nzima, kaa kila chumba nusu dakika, na uandike. Programu hizo hizo huonyesha mitandao ya jirani iko chaneli gani. Kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, ile iliyo na jirani wachache wenye nguvu, na upana uwe 20 MHz.

Chumba kisichofikika hutatuliwa vizuri zaidi kwa waya. Vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyorudia mawimbi hupunguza kasi, mara nyingi kwa nusu, na katika nyumba ya matumbawe hurudia mawimbi ambayo tayari yamechoka. Vuta waya wa Cat5e au Cat6 kupitia tundu la hewa juu ya mlango. Hufanya kazi hadi mita 100. Upande wa pili weka ruta ya zamani: ipe anwani tofauti, mathalani 192.168.1.2 ikiwa kuu ni 192.168.1.1, zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani kwa vifaa), na uchomeke waya kwenye tundu la LAN, si lile la WAN. Ipe jina na nenosiri sawa na ya kwanza, na simu itahama yenyewe unapotembea. Wengi husahau kuzima DHCP, na matokeo yake ni ruta mbili zinazogawa anwani kila moja kivyake, na simu zinazoingia na kutoka bila mpango.

Stima, chumvi na joto

Stima ikipotea, chomoa adapta ya ruta. Kinachoua vifaa hivi ni mruko wa umeme unaporudi. Adapta ikifa, nunua yenye volti zile zile hasa. Ya 12V haibadilishwi kwa 9V wala 19V. Ampea ziwe sawa na za zamani au zaidi. Adapta yenye ampea pungufu huwasha taa vizuri, kisha ruta hujizima na kujiwasha kila simu nyingi zinapojiunga, na watu hulaumu intaneti.

Betri ndogo ya ruta ni ununuzi wa maana. Yenye 10,000 mAh kwa 3.7V ina wati-saa 37, na kwa ruta inayokula wati 8 hukupa saa nne hivi baada ya kutoa upotevu. Kama kifaa cha faiba na ruta ni viwili, betri iwe na matundu mawili ya kutolea. Ila fahamu kwamba jengo lenye kisanduku cha kugawia intaneti kwenye ngazi hutegemea stima ya jengo. Kisanduku kikizimika, betri yako haiokoi kitu.

Upepo wa bahari hubeba chumvi. Ncha za waya wa mtandao hupata kutu ya kijani, na dalili yake ni kasi inayoshuka ghafla au taa ya LAN inayozimika na kuwaka. Futa kwa spiriti ya asilimia 70 au zaidi, ukauke, ndipo urudishe. Ruta isizibwe kwa kitambaa cha mapambo juu yake. Joto la Februari pekee yake latosha.

Bando linaloliwa kimya kimya

Simu ikiona Wi-Fi ni dhaifu huhamia kwenye data ya laini bila kukuuliza. Kwenye iPhone kipengele hicho kinaitwa Wi-Fi Assist, kiko mwisho kabisa wa ukurasa wa data ya laini, nacho huwa kimewashwa tangu simu mpya. Kwenye Android kipo kwa majina tofauti, kikisema kitahamia data ya simu yenyewe. Kizime.

Kinyume chake hutokea kwa wenye ruta ya 4G ya bando lenye kikomo. Simu hudhani Wi-Fi yoyote haina gharama, basi hupakia picha zote na kusasisha programu usiku. Kwenye Android ingia kwenye mtandao huo na uuweke kuwa wenye kipimo cha data; kwenye iPhone washa Low Data Mode ya mtandao huo.

Nyumba yenye wapangaji wengi

Ikiwa Wi-Fi inagawanwa, usitoe nenosiri kuu. Washa mtandao wa wageni kwenye ruta, wenye nenosiri lake, na ulibadilishe kila mpangaji anapohama. Nenosiri kuu liwe la herufi kumi na mbili au zaidi. Maneno manne yasiyohusiana ni mepesi kukumbuka na magumu kukisia. Badilisha pia lile la admin, na uzime WPS (njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nenosiri), kwa kuwa udhaifu wa namba yake ya siri unajulikana tangu 2011.

Ukimpigia mtoa huduma, uwe tayari na mambo manne: nambari ya akaunti, hali ya taa za PON na LOS, saa tatizo lilipoanza, na kama vifaa vyote vimeathirika au kimoja tu. Ukilalamikia kasi, pima kwanza kwa fast.com ukiwa karibu na ruta, kwenye 5 GHz, simu nyingine zikiwa zimezimwa Wi-Fi, kisha uwasomee nambari hiyo. Na kumbuka huduma huuzwa kwa megabiti: Mbps 40 ni megabaiti 5 kwa sekunde, na faili la megabaiti 300 litachukua dakika moja.